The Rock pale Pingwe: kabla hujaweka meza, uliza maji yanajaa saa ngapi

Habari zenu wapendwa, nimerudi Dar juzi toka Unguja na nimeona niandike hii mapema kabla sijasahau, maana kabla ya kwenda nilitafuta sana mtu aliyeandika kwa Kiswahili kuhusu huu mgahawa nikakosa, kila kitu ni cha Kizungu na kila picha ni ya wageni, mpaka unajiuliza hivi sisi tunaruhusiwa kweli au tunaangalia tu kwenye simu. Tunaruhusiwa. Nimeenda na mama yangu mzazi, ana miaka 67, na tumepokelewa vizuri kuliko nilivyotegemea.

Kwa asiyeujua, The Rock ni ule mgahawa uliojengwa juu ya jiwe ndani ya bahari, pale Michamvi Pingwe, upande wa mashariki wa Unguja. Jiwe lenyewe ni la matumbawe, chini limeliwa na mawimbi miaka na miaka mpaka limekuwa jembamba na juu limetanuka kama uyoga, na juu yake kuna kibanda cha makuti na vichaka vya kijani pembeni, na ngazi ya mbao inayoshuka mpaka chini. Ni hivyo tu. Meza ni chache. Wenyewe wanasema zamani wavuvi walikuwa wanapumzika juu ya jiwe hilo. Maji yakipwa unatembea kwa miguu toka ufukweni mpaka kwenye ngazi, maji yakijaa unapelekwa kwa mtumbwi. Sasa hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na ndio sababu kubwa ya kuandika, maana mtu anaenda muda wowote anaopangiwa na dalali, anakuta bahari imekauka jiwe liko wazi kwenye mchanga kama limesahaulika, anapiga picha mbili anarudi anasema mbona kawaida tu. Au anakuta maji yameshajaa, anapanda mtumbwi, anakula, anapanda mtumbwi anarudi. Wote hao wameona nusu.

Sisi tumeona yote, na kusema kweli sio kwa akili yangu, ni kwa akili ya mama.

Mama kazaliwa Pangani. Kahamia Dar akiwa binti lakini bahari haijamtoka. Tulifika Unguja kwa boti ya asubuhi, mwendo wa kama saa mbili hivi, tukafikia gesti moja Malindi, mtaa wa pale pale mjini Unguja, jioni tukala zetu urojo Forodhani, na usiku tukawa tumekaa juu kwenye baraza la gesti tunapunga upepo. Mama akaangalia mwezi umetoka mzimaa, akaniuliza, "Leo mwezi wa ngapi?" Nikamjibu mwezi wa kwanza mama. Akacheka, akasema hapana mwanangu, mwezi huo juu, leo ni mwezi kumi na nne, basi kesho kutwa bamvua limekolea, maji yatapwa kabisa saa nne saa tano asubuhi na yatajaa saa kumi, saa kumi na nusu. Hajashika simu wala nini. Nikafungua simu nikatafuta ratiba ya maji ya Zanzibar, na ilikuwa vilevile, kupwa saa nne na nusu kasoro, kujaa saa kumi na dakika kadhaa. Nilibaki nimekaa tu namwangalia.

Sasa ngoja niwaelezee na nyie kama nilivyoelezewa, maana hii ndio itakayokusaidia. Bamvua linakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiwa mpevu na mwezi ukiandama. Siku hizo maji yanapwa sana na yanajaa sana, kwa pande zetu hizi tofauti ya chini na juu inafika karibu mita 4, na siku hizo kwa Unguja asubuhi saa nne saa tano maji yako chini, saa kumi jioni yako juu. Kila siku inayofuata muda unasogea mbele kama dakika 50. Baada ya wiki moja hivi inakuwa maji mafu, hapo hayapwi sana wala hayajai sana, na muda unageuka, yaani asubuhi ndio yako juu na jioni ndio yako chini. Kwahiyo mtu akikuambia "mchana huwa unatembea kwa miguu" au "jioni huwa kuna mtumbwi" huyo hajui anachosema, inategemea siku.

Na tulikutana naye huyo. Yule aliyetutafutia gari pale mjini (simtaji, na wala sio mtu wa mgahawa, ni dalali tu wa safari) alitutajia bei ya kwenda na kurudi, akasema tutaondoka saa nne, tutakula, saa nane tunageuza, na kurudi ufukweni tutatembea tu maana mchana maji yanakuwa mbali. Mama akamwambia kwa upole kabisa, "Baba, kesho kutwa saa nane maji yatakuwa kiunoni." Yule kijana akasema hapana bi mkubwa mimi nawapeleka watu kila siku. Mama akanyamaza. Mimi ndio niliyekasirika maana bei aliyotaja ilikuwa karibu mara mbili ya niliyokuja kuambiwa na mwenye gesti, tukaachana naye, tukapata dereva mwingine mtu mzima, huyo alipoambiwa bamvua akaitikia tu kwa kichwa, akasema basi nitawasubiri mpaka saa kumi, msiwe na haraka. Tofauti ya watu. Kwa wenye bajeti ndogo, daladala za Michamvi toka mjini zipo, zinachukua muda mrefu zaidi na kurudi jioni inabidi uulizie vizuri gari la mwisho.

Njia ni nzuri, lami, kama saa moja na robo. Unapita Tunguu, unaingia Jozani ambapo msitu unafunika barabara na matuta ni mengi, dereva akapunguza kabisa mwendo kwa ajili ya kima punju, wale kima wenye mgongo mwekundu ambao ni wa Zanzibar tu, tukawaona watatu wamekaa kwenye tawi juu ya barabara. Kisha Paje, unakata kushoto, Bwejuu, Dongwe, unafika Pingwe.

Tulifika saa tano na robo na meza yetu ilikuwa ya saa sita. Niliweka meza wiki mbili kabla kwa intaneti, na nawashauri mfanye hivyo, msiende kubahatisha. Jamani ile bahari. Ilikuwa imerudi huko mbali kwenye mwamba ambako mawimbi yanavunjika unaona mstari mweupe tu, na huku kote ni mchanga na vidimbwi na majani ya bahari, na akina mama wako kwenye mashamba ya mwani wamejifunga kanga wameinama. Mama hakwenda kwenye mgahawa. Alikwenda kwa wale akina mama moja kwa moja, kavua viatu, kapandisha kanga, mimi nyuma namfuata na mkoba. Wakasalimiana, wakaulizana nyumbani wapi, na mmoja akamwonyesha anavyofunga, kamba imetandazwa kati ya vijiti viwili, anachukua kishada cha mwani kidogo kama kiganja, anakifunga kwenye kamba na kikamba kidogo, anaruka sentimita chache anafunga kingine, mikono inakwenda bila hata kuangalia. Siku za bamvua ndio siku za kazi kwao, akasema, maana maji yakiwa hayajapwa hivi shamba halifikiki. Mwani wa biashara ulianza pande hizi za mashariki mwaka 1989 na wengi wanaoulima ni wanawake. Nilijisikia vizuri kwamba kabla ya kukaa kwenye meza ya kitambaa tumesimama kwanza kwenye yale maji na watu wenye bahari yao. Ila muwe na adabu, msipige picha bila kuomba na msikanyage kamba. Na muvae yeboyebo au viatu vya plastiki, kuna vile viumbe vyeusi vya miba kwenye mawe, ukikanyaga likizo imeisha.

Saa sita kasoro tukatembea mpaka kwenye jiwe. Maji kwenye vifundo vya miguu, ya uvuguvugu kama ya kuoga. Ukifika chini yake ndio unaona jinsi jiwe lilivyo, juu ya kichwa chako limetokeza kama paa, lina makali na matundu na vikonokono vimenata, na linanuka ile harufu ya pwani ya maji yakiwa yamepwa. Ngazi imesimama kidogo, kwa mtu mwenye tatizo la goti kama mama inabidi apande taratibu anashika pembeni. Kijana wa mgahawa alikuwa ameshashuka bila kuitwa, "Shikamoo mama, karibu, nipe mkono," akampandisha hatua kwa hatua. Kwangu mimi hapo walishapata nyota zao.

Mama alipofika katikati akasimama akaangalia chini akahesabu ngazi zilizobaki chini yake. Sikuelewa kwanini.

Ndani ni padogo, mbao, makuti, madirisha wazi upepo wa kaskazi unapita, na nyuma kuna sehemu ya nje unakaa umetazamana na bahari tupu. Sisi tulipewa meza ya dirishani upande wa kijiji. Chakula ni vitu vya baharini kwa mapishi yenye mkono wa Kitaliano na wa hapa hapa, kuna kamba, kamba koche, pweza, ngisi, samaki wa siku, na tambi. Bei, niseme wazi, ni za kitalii, mimi nilidunduliza miezi mitatu kwa ajili ya siku hii na sijutii, ila usiende na elfu ishirini mfukoni ukategemea miujiza. Tulichofanya, tuliagiza sahani mbili kuu na kianzio kimoja tukagawana, tukanywa juisi na maji, hakuna aliyetuangalia vibaya. Pombe inauzwa lakini kulikuwa na meza nyingine ya familia ya Waswahili na watoto, wametulia zao.

Pweza ndio nataka nimsemee. Siku moja nyuma tulikula pweza sehemu nyingine, siitaji, alikuwa kama kandambili, mama alitafuna mara mbili akaweka uma chini. Kwahiyo nilipoagiza pweza tena alinitazama. Ukaja mkono wa pweza umechomwa, umekunjamana mwishoni, juu umebabuka kidogo na vile vikombe vyake vimekauka vinalia ukiuma, ndani mweupe na laini unakatika kwa uma bila kisu. Mama akakata kipande, akanyamaza, akakata cha pili. Akasema, "Huyu kapigwa." Akanieleza kwamba pweza akitoka tu majini anapigwa kwenye jiwe mpaka alegee, wenyewe Pangani walikuwa wanahesabu mapigo, na asipopigwa anaweza kubaki mgumu. Akamwita yule kijana, akamuuliza pweza huyu katoka wapi, kijana akaonyesha kidole dirishani, kule kwenye mwamba. Nafikiri hakuna kitu kilichomfurahisha kama hicho kidole.

Tambi za samaki alizikubali kwa shida, kwake tambi ni za sukari na hiliki za futari, lakini mchuzi alifuta wote kwa mkate. Mimi samaki wangu alikuwa mzuri, ndimu na pilipili kwa mbali, sina mengi. Kitamu cha mwisho tulishiba hatukuagiza.

Sasa maji. Wakati tunaanza kula, dirishani ni mchanga na watoto wanacheza mpira. Unageuka kuongea, unarudisha macho, kimto kidogo kimepita katikati ya goli. Watoto wanasogeza magoli. Unakula, unaangalia tena, hakuna goli. Hayaji kwa kishindo, yanajipenyeza, vidimbwi vinaungana kimya kimya, rangi inabadilika toka kahawia inakuwa kijani halafu ile bluu ya maziwa ambayo nilidhani kwenye picha wanaiongeza na simu. Akina mama wa mwani walikuwa wanarudi ufukweni na viroba kichwani, wa mwisho maji yako mapajani. Kila mtu ndani ya ule mgahawa, Mswahili, Mzungu, Mhindi, akaanza kuinuka meza yake kwenda dirishani, watu hawajuani wanaonyeshana. Kama saa nane hivi nikasikia kitu chini ya miguu, dum, halafu kimya, halafu dum, maji yameingia kwenye lile tumbo la jiwe yanagonga. Ukiweka kiganja juu ya mbao unayasikia.

Tukahamia sehemu ya nyuma kunywa kahawa. Upepo mkali huko, shikilieni mitandio. Hapo mbele yenu hakuna kitu tena, ni Bahari ya Hindi tu.

Tulishuka saa tisa na nusu. Mtumbwi wa mgahawa wenyewe ulikuwa umeshafungwa kwenye ngazi, hatukudaiwa nauli, tulimpa mzee wa mtumbwi kitu kidogo kwa hiari yetu. Mama akashuka akasimama palepale aliposimama mchana, akahesabu tena. "Zimeliwa tatu, na bado." Alikuwa anapima. Mzee akamsikia akamwambia bado saa nzima hayajafika mwisho, nyinyi mnatoka wapi bi mkubwa, akasema Pangani, mzee akasema aah, basi unayajua, na safari yote ile ya kutoka kwenye jiwe mpaka mchangani, ambayo haizidi dakika mbili tatu, mzee aliipeleka taratibu kama dakika kumi wanaongea habari za majahazi na mikoko na nani alikuwa anapeleka boriti wapi. Mimi nilikuwa nimekaa mbele nimeshika viatu vya watu wawili. Kuingia na kutoka mtumbwini miguu inalowa, hilo mjiandae, na simu iwekeni kwenye mfuko wa plastiki.

Vitu vichache vya haraka. Ufukweni pale mapapasi wapo wenye vinyago na safari za kwenda kuangalia pomboo, ukisema ahsante kwa Kiswahili wanaelewa wanakuacha. Pingwe ni kijiji cha watu, ukitoka mchangani kuingia kijijini jifunike. Na wale wanaotaka picha ya jua linazama nyuma ya mgahawa baharini, hapo mnatazama mashariki, jua linachomoza huko haliendi kuzama huko. Kwa machweo nendeni Michamvi Kae, ng'ambo ya pili ya rasi hiyo hiyo, upande wa ghuba ya Chwaka, gari ni dakika chache tu. Sisi dereva wetu alitupitisha bila kuongeza hela, tukanywa madafu tumekaa kwenye gogo.

Kama unakwenda na mzazi, mwambie mgahawa wakati unaweka meza kwamba una mtu mzima, na chagua siku ya mwezi kumi na nne mpaka kumi na saba hivi, meza ya saa sita, ufike saa tano. Usikubali meza ya saa kumi siku hizo, maji yatakuwa yameshamaliza kazi yake.

Usiku huo huo tuliporudi gesti mama alimpigia mama mdogo yuko Tanga. Nilikuwa nimejilaza namsikia, anasimulia toka tulipoteremka kwenye gari, kamba za mwani, vidimbwi, ngazi, watoto na magoli yao. Mama mdogo akawa anamkatiza, sauti inatoka kwenye simu naisikia, haya dada lakini mlikula nini, mlikula nini hapo kwa bei hiyo. Mama akamwambia, subiri, sijafika huko, maji bado yako magotini.